Usalama wa dawa kwa wazee wanaotunzwa nyumbani

Usalama wa dawa kwa wazee wanaotunzwa nyumbani ni uangalizi wa aina, vipimo na nyakati za dawa anazotumia mzee akiwa mikononi mwa familia au mhudumu. Figo za mzee huondoa dawa polepole. Kipimo kilichomfaa akiwa na miaka 40 chaweza kumzidi akifika 75.

Chukua glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha bei nafuu. Mzee akikimeza kisha asile, sukari yaweza kushuka kwa saa nyingi, akatokwa jasho na kuchanganyikiwa, na nyumbani wakadhani ni uzee tu. Glibenklamidi imo katika orodha ya dawa za tahadhari kwa wazee iliyoanzishwa na daktari Mmarekani Mark Beers mwaka 1991.

Diklofenaki ya maumivu ya magoti, nayo, huweza kupandisha presha na kuumiza figo. Ndiyo maana mfuko mzima wa dawa, mitishamba ikiwemo, hupelekwa kliniki ukaguliwe.