SOMO LA REDIO: WAENDAO MBIO NA CHETI CHA SHULE

Akina baba na akina mama wa darasa la Ngonga. Sogeeni karibu na redio. Somo letu la historia leo lahusu vijana waendao mbio, na jinsi walivyopata kuingia vyuo vikuu vya Marekani.

Nimelichagua kwa sababu ya baba mmoja niliyemkuta katika kazi yangu. Alimwondoa mwanawe shuleni kidato cha pili, maana mtu alimwambia kwamba kijana mwenye mbio namna ile hahitaji cheti. Wazungu watamchukua kwa miguu yake tu. Hakuna aliyekuja kumchukua.

Basi, tutazame mambo yalivyo. Vyuo vikuu vya Marekani vina timu za mbio, na mashindano yao ni makubwa. Chuo chaweza kumlipia mkimbiaji ada, chakula na malazi, lakini sharti awe mwanafunzi kweli. Mwalimu wa mbio aweza kumpenda kijana na kumwandikia barua, ila hawezi kumwingiza peke yake. Wako wakubwa wa chuo wanaosoma matokeo ya mitihani yake. Mwaka 1983 chama cha michezo ya vyuo kilipitisha sheria, ikaanza kutumika 1986: asiyefikia alama zilizowekwa hashindani katika vyuo vikubwa mwaka wake wa kwanza, hata awe mwepesi kama swala.

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa pande za Musoma, alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Akiwa mwanafunzi huko alishinda mbio za meta 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1980, alikwenda Moscow akaleta medali ya fedha ya meta 5,000.

Sasa Mike Boit wa Kenya. Huyu alipata medali ya shaba ya meta 800 huko Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 Kenya, Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea michezo ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Hata Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. Mwaka 1980 Kenya ikagoma tena. Miguu ya Boit ilikuwa mizima, lakini mlango umefungwa, na kosa si lake. Bahati njema alikuwa amekwisha kusoma chuoni Marekani. Akaendelea hadi shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi nyumbani kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mwaka 2004 Boit na mwandishi wa habari Mmarekani, John Manners, walianzisha mpango wao mjini Iten. Hapa tegeni sikio. Hawakuanza kwa kutafuta waendao mbio. Walitafuta waliofaulu sana mtihani wa kidato cha nne, ndipo wakawapanga kiwanjani wakimbie meta 1,500. Wengi hawakuwa na mazoezi. Walikuwa wameinamia vitabu. Waliochaguliwa walifundishwa mtihani wa kuingilia vyuo, na baadhi wakapokelewa Harvard na Yale. Vyuo hivyo havitoi fedha kwa ajili ya mbio. Hutoa kwa kadiri ya umaskini wa mzazi, hata mtoto wa mkulima aweza kusoma bila baba kuuza shamba. Mbio humsaidia jina lake litazamwe mara ya pili, lakini mara ya kwanza hutazamwa alama. Wengine waliacha mbio huko huko, wakamaliza shahada zao.

Muda wetu umekwisha. Mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno matatu: cheti, alama, mkimbiaji. Kila mtu ayanakili, kisha aandike jina la mtoto wake na kidato alichofikia.