Umiliki wa Nyumba: Faida kwa Familia na Umuhimu wa Hatimiliki

Makazi ni miongoni mwa mahitaji makuu ya binadamu, sambamba na chakula na mavazi. Nchini Tanzania, ambako familia nyingi hujijengea zenyewe kwa awamu, nyumba pia ndiyo akiba kubwa kuliko zote ambazo kaya hujiwekea. Hata hivyo, akiba hiyo huwa salama pale tu umiliki wake unapotambuliwa kisheria.

Faida kwa kaya

Faida ya kwanza ni utulivu. Mpangaji wa mjini mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mkataba unapokwisha anaweza kupandishiwa kodi au kutakiwa kuhama. Familia inayoishi kwake huelekeza fedha hizo katika ada za shule, matibabu au mtaji, na watoto hawalazimiki kubadili shule kila wazazi wanapohama.

Faida ya pili ni akiba. Mwananchi wa kipato cha kawaida hununua kiwanja, akachimba msingi, akasimamisha boma, akapaua, na hatimaye akapiga lipu kadiri uwezo unavyoruhusu. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba ikikamilika, chumba cha uani kinaweza kupangishwa na fremu ya mbele ikawa duka, hivyo kuwa chanzo cha kipato hadi uzeeni.

Faida ya tatu ni dhamana. Nyumba yenye hati inaweza kumwezesha mmiliki kupata mkopo wa benki kwa ajili ya biashara, kilimo au kuendeleza ujenzi.

Aina za umiliki

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwananchi humilikishwa haki ya kuitumia. Katika maeneo yaliyopangwa na kupimwa, hatimiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa walio katika maeneo ya mijini ambayo hayajapimwa, sheria inaruhusu leseni ya makazi, ambayo hutolewa kwa muda maalumu.

Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa wanaonunua nyumba katika ghorofa, sheria iliyotungwa mwaka 2008 inamwezesha kila mnunuzi kupata hati ya sehemu yake ya jengo.

Mbali na kujijengea, wananchi wanaweza kununua nyumba zinazojengwa na taasisi kama Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, au kutumia mikopo ya nyumba inayotolewa na benki na kulipwa kwa miaka kadhaa.

Ulinzi wa familia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba isiyo na nyaraka huweza kuuzwa mara mbili, au kugombewa na ndugu baada ya mwenye nyumba kufariki dunia. Wanaoumia zaidi katika migogoro hiyo ni wajane na watoto.

Sheria ya Ardhi inatamka kuwa haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wanandoa wanaweza pia kuandikisha majina yao wote wawili katika hati, hatua inayopunguza shaka kuhusu mwenye haki pindi mmoja wao anapotangulia mbele ya haki.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua au kujenga

Mnunuzi anashauriwa kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua mmiliki halali na kama kiwanja kina rehani au zuio. Kwa eneo lisilo na hati, ni muhimu kuwahoji majirani wa mipaka yote na viongozi wa mtaa au kijiji, kisha kuandikishiana mkataba wa maandishi mbele ya mashahidi.

Ni muhimu pia kuthibitisha matumizi ya eneo husika katika halmashauri. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayejenga leo ndani ya eneo hilo anajiweka katika hatari ya kubomolewa bila fidia.

Kabla ya ujenzi, mwananchi anapaswa kupata kibali kutoka halmashauri. Baada ya kumilikishwa, anawajibika kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Stakabadhi zote zitunzwe pamoja na hati, na familia ijue zilipo.

Wananchi ambao tayari wana nyumba lakini hawana nyaraka wanahimizwa kufika katika ofisi za ardhi za halmashauri zao, au kutumia kliniki za ardhi zinapofanyika katika maeneo yao, ili kuanza taratibu za umilikishaji. Ni vyema hatua hiyo ikachukuliwa wakati mwenye nyumba, majirani na mashahidi wa mipaka bado wapo na wanaweza kuthibitisha haki hiyo.