Cranes na hesabu za mechi ya mwisho

Kila michuano ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika inapokaribia ukingoni, Kampala hugeuka darasa la hesabu. Kwenye vijiwe vya bodaboda Wandegeya, kwenye vibanda vya video Katwe na ndani ya teksi zinazosubiri abiria Old Taxi Park, swali huwa moja: tukishinda sisi, na wale wakitoka sare, tunapita? Wengine huingiza magoli ya kufunga na kufungwa, wengine hukumbushia matokeo ya mechi baina ya timu mbili zenye pointi sawa. Mwishowe hesabu hukataa, watu huvua jezi ya njano wakaenda kulala, na kesho yake lawama humwangukia kocha, mwamuzi au bahati mbaya.

Sisi mashabiki wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, tumelelewa na matokeo ya namna hiyo: leo tunaifunga Ghana, kesho tunafungwa na Togo. Lakini ukifungua rekodi na kuzifuata mechi moja baada ya nyingine, bahati inapungua sana kwenye maelezo. Machozi yetu humwagika mechi ya mwisho, ilhali pointi zenyewe huwa zilishapotea miezi kadhaa nyuma.

Accra, 1978

Historia yetu kwenye fainali hizi ilianza mapema. Mwaka 1962, mashindano yakiwa bado na timu nne tu, Uganda ilicheza Addis Ababa na kumaliza ya nne. Ilirudi mwaka 1968, 1974 na 1976, na katika safari zote hizo haikushinda mechi hata moja ya fainali.

Kisha ukaja mwaka 1978 nchini Ghana. Nahodha alikuwa Jimmy Kirunda, beki aliyejua kufunga kama mshambuliaji, na mbele alikuwapo Phillip Omondi wa KCC. Mjini Kumasi, Uganda iliifunga Kongo mabao 3-1, ikafungwa na Tunisia kwa idadi hiyohiyo, kisha ikaichapa Morocco 3-0. Kwenye nusu fainali ikaitoa Nigeria kwa 2-1. Omondi alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora, akiwa na mabao matatu.

Fainali ilipigwa Accra dhidi ya wenyeji. Opoku Afriyie alifunga mara mbili, Ghana ikashinda 2-0 na kubeba kombe kwa mara ya tatu. Hiyo ndiyo hatua ya juu kabisa ambayo Cranes imewahi kufika. Uwanja wa Lugogo unaitwa leo kwa jina la Omondi, na vijana wanaochezea hapo wengi wao walizaliwa baada ya yeye kufariki mwaka 1999.

Wazee waliosikiliza mashindano yale redioni husisitiza kitu kimoja: ile timu ilikuwa inafunga. Mabao tisa katika mechi nne kabla ya fainali. Tuishike hoja hiyo, maana tutairudia.

Kiu ya miaka 38

Mwishoni mwa mwaka uleule wa 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia Tanzania. Vita vilifuata, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nchi iliyoyumba miaka mingi haiwezi kuwa na soka lililotulia. Klabu hazikufa: SC Villa ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la CAF. Na katika ukanda wetu, hakuna nchi iliyotwaa Kombe la CECAFA mara nyingi kuliko Uganda. Lakini mlango wa fainali za Afrika ulibaki umefungwa.

Mwaka 1997 ulizinduliwa Uwanja wa Taifa wa Mandela, Namboole, uliojengwa kwa msaada wa China. Taratibu ukawa ngome. Wageni wakubwa walifika wakatoka mikono mitupu. Hapo ndipo kizazi changu kilipoanza kuamini kwamba zamu yetu inakuja.

Pointi moja

Tarehe 8 Oktoba 2011 ilikuwa ya kuhitimisha yote. Uganda ilihitaji kuifunga Kenya, basi. Tangu asubuhi Barabara ya Jinja ilikuwa imeziba kuanzia Nakawa hadi Bweyogerere. Vijana walikaa madirishani mwa teksi wakipuliza vuvuzela, wachoraji walisimama Kireka na vikopo vya rangi nyeusi, njano na nyekundu wakipaka nyuso za watu, na wauza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, walishindwa kuwakaangia wateja wote mayai. Dakika 90 zilikwisha 0-0. Angola ilishinda mechi yake na kufuzu.

Msimamo wa kundi ulisomeka hivi: Angola pointi 12, Uganda 11. Tulilia kwa ajili ya siku ile, lakini mwaka mmoja kabla yake tulikuwa tumetoka suluhu na Kenya hiyohiyo mjini Nairobi. Bao moja pale lingetupeleka Namboole bila kubanwa. Katika mechi sita za kundi tulifunga mabao sita, matatu kati yake kwa siku moja, tulipoichapa Angola 3-0.

Mwaka uliofuata mambo yakawa machungu zaidi. Tarehe 13 Oktoba 2012, siku nne baada ya nchi kutimiza miaka 50 ya uhuru, walikuja Zambia, mabingwa wa Afrika, wakiwa na ushindi wa 1-0 walioupata Ndola. Geoffrey Massa akarudisha bao hilo, na mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Zambia ilishinda 9-8. Nani atamlaumu mchezaji kwa hilo? Walipiga karibu wote.

Mwaka 2014 ndio unaoonyesha tatizo letu waziwazi. Katika kundi moja tulitoka sare na Ghana Kumasi, tukaifunga Ghana 1-0 Namboole, tukaifunga Guinea 2-0. Katikati ya hayo, ndani ya juma moja la Oktoba, tulifungwa na Togo mara mbili, nyumbani na ugenini, 1-0 kila mara. Kwa hiyo tulikwenda Casablanca, ambako Guinea ilicheza mechi zake za nyumbani kwa sababu ya Ebola, tukiwa na pointi saba sawa na wenyeji wetu. Wakatufunga 2-0. Watu wanaikumbuka Casablanca. Mimi nawasihi waikumbuke Togo.

Bao la Miya

Ilipofika tarehe 4 Septemba 2016, tofauti ilikuwa imeshafanyika kabla ya kipenga. Chini ya kocha Milutin Sredojević, ambaye Kampala nzima inamwita Micho, Uganda ilikuwa imeshinda ugenini Comoro na ugenini Botswana. Pointi sita za safari, ambazo zamani tungezidondosha, zilikuwa kibindoni. Dhidi ya Comoro pale Namboole, bao la Farouk Miya la kipindi cha kwanza lilitosha. Uganda ikafikisha pointi 13 na kufuzu miongoni mwa washindi wa pili bora, baada ya miaka 38.

Nilichokiona Namboole siku hiyo ni watu wazima wakikumbatiana na wasiowajua. Baba mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa ameshika picha ya kikosi cha 1978, imekunjwa mara nne hadi nyuso kwenye mikunjo zimefutika, na alikuwa akiinyanyua juu kila wimbo ulipoanza.

Kule Gabon mwaka 2017 hatukushinda: tulifungwa 1-0 na Ghana, 1-0 na Misri, kisha 1-1 na Mali, bao letu pekee likiwa la Miya. Ulinzi ulikuwa imara, na langoni alikuwapo Denis Onyango, aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Kilichokosekana kilikuwa mabao.

Safari iliyofuata ilikuwa nyepesi kuliko zote. Chini ya Micho katika mechi ya kwanza, kisha Sébastien Desabre, Cranes ilicheza mechi tano za kufuzu bila kuruhusu bao. Kichwa cha Patrick Kaddu dhidi ya Cape Verde, Novemba 2018, kilifunga hesabu ikiwa bado mechi moja. Mechi hiyo tuliipoteza 3-0 Dar es Salaam, Machi 2019, na Taifa Stars ikarudi fainali kwa mara ya kwanza tangu 1980. Hatukuumia. Ndiyo raha ya kumaliza kazi mapema.

Misri, Juni 2019, tuliifunga DR Congo 2-0 kwa mabao ya Kaddu na Emmanuel Okwi. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kwenye fainali tangu tulipoitoa Nigeria mwaka 1978. Tukafika 16 bora, na Senegal ikatutoa kwa bao la Sadio Mané, siku ambayo Onyango alipangua penalti ya Mané huyohuyo. Tulitoka vichwa juu.

Nyumbani kukawa ugenini

Tulidhani tumeshafuzu shule. Hapana. Kuelekea fainali zilizofuata tulikwenda Blantyre, Machi 2021, tukihitaji sare tu dhidi ya Malawi. Tukafungwa 1-0. Malawi ilifikisha pointi 10, sisi tukabaki na nane. Lakini Novemba 2020 tulikuwa tumefungwa 1-0 na Sudan Kusini mjini Nairobi, na katika mechi zote sita tulifunga mabao matatu tu. Timu inayofunga mabao matatu kwa mechi sita haipaswi kushangaa ikibaki nyumbani.

Kisha tukapoteza hata nyumbani penyewe. Namboole ilifungwa kwa kutokidhi viwango, na michuano ya kuwania fainali za 2023 ikatukuta tukihamahama. Niger tuliikaribisha Kitende, tukatoka 1-1. Tanzania tuliikaribisha Ismailia, Misri, tukafungwa 1-0. Algeria tuliikaribisha Douala, Kameruni, tukafungwa 2-1. Mechi tatu zilizoitwa za nyumbani zilileta pointi moja kati ya tisa. Pointi sita nyingine tulizipata ugenini, Dar es Salaam na Marrakech. Tanzania ilifuzu ikiwa na pointi nane, sisi saba. Pointi moja, tena.

Asitokee mtu akasema uwanja ni jengo tu. Wachezaji walitandaza mpira wao Ismailia mbele ya viti vitupu kwa sababu kazi ya ukarabati haikufanywa kwa wakati. Kosa hilo halikuwa la miguu yao.

Agosti na Desemba 2025

Namboole ilifunguliwa tena mwaka 2024, na Agosti 2025 tukaipokea michuano ya CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Tanzania. Mechi ya kwanza tulifungwa 3-0 na Algeria. Kisha tukaifunga Guinea 3-0, Niger 2-0, na tukarudisha mabao dhidi ya Afrika Kusini katika dakika za lala salama hadi 3-3. Kwa mara ya kwanza Uganda ikavuka hatua ya makundi ya CHAN, kabla ya Senegal kututoa robo fainali kwa 1-0. Mabao manane katika mechi tatu mfululizo! Uwanja ulikuwa umejaa, na timu ya wachezaji wa ligi yetu ya ndani ilicheza bila woga.

Desemba, kwenye fainali za Afrika nchini Morocco, tukarudi kwenye ugonjwa wetu. Tunisia 3-1, Nigeria 3-1, na katikati 1-1 na Tanzania, mechi ambayo penalti yetu ya mwishoni ilikoseka. Tanzania ilipita kwenda 16 bora ikiwa na pointi mbili tu. Sisi tulibaki na moja.

Neno kwa mwaka 2027

Mwaka 2027 fainali zinakuja kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania, kama CAF ilivyoamua Septemba 2023. Mwenyeji anaingia bila jasho la kufuzu. Hiyo ina maana kwamba hakutakuwa na mechi ya mwisho ya kupigia hesabu kabla ya mashindano, na udhaifu wetu hautapata pa kujificha.

Kwa wanaoendesha soka letu, rekodi imeshasema. Mipango yote iliyofeli ilikuwa na mabao machache na pointi zilizodondoshwa mbele ya timu tulizozidharau. Wapeni washambuliaji muda wa kucheza pamoja, lipeni posho za wachezaji kabla ya safari, na viwanja vikamilike kabla ya wakaguzi kuja.

Kwa shabiki mwenzangu, ombi langu ni dogo. Acha kusubiri siku ya machozi ndipo ununue tiketi. Njoo Namboole siku ya mechi ya kwanza, siku ya Niger na siku ya Comoro, upige kelele zilezile unazowapigia Misri na Ghana. Mwaka 2011 tulikosa pointi moja, na mwaka 2023 tukakosa pointi moja. Zote mbili zilikuwepo, na tuliziacha zipite.