Mchoreshe Saa

Mwaka niliouacha chuo, jirani yangu wa hosteli alianza kubishana na ukuta. Sisi tukasema ni bangi. Mamake akasema ni mapepo, akampeleka kwa maombi. Hakurudi, na sijui alikuwa na nini. Ila tangu hapo nasoma sana kuhusu ubongo, na ndivyo nilivyofika kwa mbwa wa Baltimore.

1914, John Jacob Abel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa damu ya mbwa, wakamwaga plazima, yale maji ya manjano, kisha wakamrudishia chembe zake. Mbwa walistahimili. Abel alikuwa anatafuta njia ya kutoa sumu mwilini figo zikikwama. Ubongo haukuwa kwenye hesabu.

Ilibidi kwanza ijulikane kwamba kingamwili, askari wetu wenyewe, huweza kutugeuka, na kwamba wanaogelea humo humo kwenye plazima. 1976, madaktari wa London wakaiondoa kwa wagonjwa wa mayasthenia, ule ugonjwa wa misuli kulegea. Nguvu zikarudi.

Zamu ya ubongo na uti wa mgongo ilipimwa vizuri 1999. Brian Weinshenker wa Mayo Clinic, Marekani, alichukua wagonjwa 22 ambao steroidi zilikuwa zimewashinda. Wengine walibadilishiwa plazima kweli, wengine mashine iliwazungukia tu na kuwarudishia ile ile yao. Waliokosa nafuu walivushwa upande wa pili. Kwa duru 19 za kweli, 8 zilileta nafuu ya wastani au zaidi. Kwa duru 17 za geresha, 1 tu.

2007, kikundi cha Josep Dalmau kikaeleza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo. Mgonjwa huanza kama kichaa: shaka, maono, kelele. Degedege hufuata. Miaka miwili baadaye ilimpata Susannah Cahalan, mwanahabari wa New York, miaka 24. Daktari Souhel Najjar alimpa kalamu achore saa. Namba zote akazirundika upande wa kulia. Hapo ikaonekana ubongo unawaka. Alipewa steroidi, imunoglobulini, na kubadilishiwa plazima. Alipona, akaandika kitabu.

Si muujiza, na si kila anayeongea peke yake ana ugonjwa huu. Mashine ni ghali, presha yaweza kushuka, na kuchelewa kunaumiza. Lakini kalamu na karatasi ni bei gani? Pale hosteli tulikuwa watu wazima kumi na kitu, wote wasomi. Hakuna aliyemwambia achore saa.