Gari Lina Jina, Spea Ina Namba

Mwenye gari kuukuu hulitaja gari lake kwa jina, tena kwa fahari. Muuza spea hana haja na jina hilo. Humtazama mteja na kumwuliza neno moja tu: "Namba?" Hapo ndipo wengi wetu hunyamaza.

Sisi watu wa Mtwara tulipaswa kulizoea swali hilo mapema, maana mji wetu wa leo ulikuzwa na mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara, na Mikindani, bandari ya kale, ikaachwa pembeni. Reli nayo ikatandazwa kuelekea bara. Matrekta mengi ya mpango ule yalikuwa mitumba ya vita, mengine yametoka Ufilipino. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Yalipoharibika, spea za kuyafaa zilikuwa adimu. Ukame na ugumu wa ardhi vilichangia kuuangusha mpango, lakini mashine zilizolala bila spea zilichangia pia. Mwaka 1951 ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Katika miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa.

Miaka 20 baada ya karanga likaja gari ambalo vijana wengi wa Afrika Mashariki walilitamani: Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Leo gari hilo lina zaidi ya miaka 50, na anayetaka kulitunza hana budi kujifunza kusoma namba.

Aanze na gari lenyewe, asianze na duka. Namba ya chesisi ikianza na HS30, gari lilitengenezwa kwa usukani wa kulia. HLS30 ni la usukani wa kushoto. Kisha atazame injini. L24 ni ya lita 2.4, ndiyo ya asili. Lakini L28, ya lita 2.8, ni ya ukoo huohuo, na magari mengi yamebadilishiwa. Gari la namna hiyo lina vitambulisho viwili: spea za bodi zitafutwe kwa chesisi, na spea za injini kwa injini. Mwaka nao una maana yake. Magari ya mwaka 1973 yaliyopelekwa Marekani yalifungwa kabureta za umbo tofauti na zile za mwanzo, ingawa jina la gari ni lilelile.

Namba ya spea ya Nissan kwa kawaida ina mafungu mawili, kila moja la nafasi tano. Fungu la kwanza hutaja kitu: 15208, kwa mfano, ni chujio la oili. Fungu la pili hutaja ni cha gari gani au cha toleo gani. Kiwanda kikiboresha spea, hutoa namba mpya na kuistaafisha ya zamani. Hivyo namba isiyopatikana dukani huenda ina mrithi. Beringi nazo zina lugha yao isiyojali kiwanda. Beringi 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje 47 na unene 14, hata ikitengenezwa wapi.

Kwetu elimu hii ilikuwa na thamani ya pekee. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam ilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ilikatika. Gasketi isiyo sahihi ikiletwa kutoka Kariakoo, gari lililala hadi mvua ziishe, na mkate wa dereva ukalala nalo.

Namkumbuka fundi mmoja wa Mtwara, sasa marehemu, aliyekuwa na daftari la shule. Hakutupa kipuri kibovu kabla ya kunakili namba yake, aina ya gari na mwaka. Alijua kwamba chumvi ya bahari, kutoka Mikindani hadi Msimbati, hula vibao vya magari bila huruma. Mafundi wa mbali walimtumia salamu kumwomba namba, naye hakuwanyima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, ukiwa na gari la zamani, fungua boneti leo na unakili namba zake zingali zinasomeka, kisha mwonyeshe mwanao daftari lilipo.