Kinga ya asili

kinga ya asili *nm* [i-/zi-] ulinzi anaozaliwa nao mtu, unaoanza kupambana na vijidudu saa chache baada ya kuingia mwilini, kabla kingamwili hazijatengenezwa.

Nomino *kinga* imetokana na kitenzi *kinga*, yaani kuzuia kitu kisifike, kama mtu ajikingavyo mvua kwa mwavuli. (*Kinga* yenye maana ya kijinga cha moto ni neno jingine.)

Utendaji wake huonekana vyema katika kidingapopo, au homa ya dengi, ambayo mlipuko wake wa mwaka 2019 ulizikumba zaidi Dar es Salaam na Tanga. Mbu aina ya Aedes, aumaye mchana, huacha virusi ngozini. Seli za ulinzi zilizo hapo huambukizwa mwanzo. Nazo zikimtambua mgeni hutoa interferoni, protini zilizogunduliwa London mwaka 1957, ili kuzitahadharisha seli jirani. Seli iliyopata habari hupunguza utengenezaji wa protini zake, hata kirusi kikiingia kikose nyenzo za kujizalisha.

Kemikali nyingine za ulinzi huo hufika ubongoni na kupandisha joto la mwili. Hapa ndipo lugha hutuponza. *Homa*, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja joto na hutaja pia maradhi. Kwa hiyo asemaye “homa imeshuka” husikika kana kwamba amesema “amepona”. Katika kidingapopo maana hizo sharti zitenganishwe. Joto hushuka aghalabu kati ya siku ya tatu na ya saba, na ni katika saa 24 hadi 48 za baada ya hapo ambapo mishipa midogo ya damu huweza kuvuja, kwa sehemu kutokana na kinga yenyewe kuzidi kiasi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu kwenye fizi au kulegea kusiko kwa kawaida humrudisha mgonjwa hospitali, hata kama paji la uso limepoa: *Mtoto hana homa tena, lakini bado ni mgonjwa.*

Matumizi. Wapo waandikao *kingamwili* kwa maana ya ulinzi wote. Ni heri neno hilo libaki kwa protini zijazo baadaye, na ulinzi wote uitwe *mfumo wa kinga*. Aidha, “ana kinga” haitoshi: virusi vya kidingapopo ni vya aina nne, na aliyepona aina moja huweza kuugua vibaya zaidi aambukizwapo nyingine. Iandikwe *ana kinga dhidi ya* aina fulani.