Zamu Chini ya Mkuyu
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Makinda mawili ya furukombe yametimiza wiki tatu juu ya mkuyu wa Puta, kando ya ziwa. Tangu jana asubuhi dume, Bwana, halijaonekana. Na kwenye daftari la zamu ya kulinda mti, ukurasa mmoja umechanwa.

SASA ENDELEA...

"Karatasi haijichani," alisema Mwalimu. Alilifunga daftari, akaliweka gotini, akasubiri mtu akiri, kama alivyozoea kufanya darasani kabla hajastaafu.

Hakuna aliyekiri. Mama Pweto aliendelea kupuliza makaa ya mbaula. Chisense, kijana aliyebandikwa jina la dagaa wa ziwani kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya usiku, hakuondoa macho mtini.

Kule juu, jike, Bibi, alikuwa amesimama ukingoni mwa tundu, mabawa ameyalegeza ili watoto wapate kivuli. Tundu hilo wenyewe huliongezea vijiti kila mwaka, na sasa upana wake umekaribia mita 2. Wiki sita nzima alilalia mayai mle, Bwana akimpokea kwa muda mfupi tu na kuwinda muda wote uliobaki. Hata baada ya mayai kuanguliwa, mleta riziki alikuwa Bwana. Asiporudi, Bibi hana njia ila mbili: akae na watoto wafe njaa, au aende ziwani na kumwachia kenge mti.

Kinda kubwa, lililotangulia kutoka yaini kwa siku mbili, lilimdonoa mdogo wake kichwani. Likamdonoa tena. Mdogo alijikunyata hadi ukingoni.

"Mwalimu, nipande nikamtoe yule?" aliuliza Chisense.

"Hupandi. Furukombe hufanyiana hivyo chakula kikipungua. Sisi tunaandika, hatugusi."

"Tutaandika mpaka lini, mukwai? Mpaka tuandike kwamba amekufa?"

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa na hadithi yake ya Scotland, ambayo wenzake walishaisikia mpaka wanaweza kuisimulia. Kule Loch Garten kuna ndege mla samaki, yule anayehamia Afrika baridi ya Ulaya ikianza na ambaye wavuvi wa huku humwona tu akipita. Alikuwa ametoweka kabisa Uingereza kwa kuwindwa na kuibiwa mayai. Miaka ya 1950 jozi moja ikarudi kujenga, watu wakajitolea kulinda mti usiku na mchana. Mwaka 1958 mwizi akaupanda usiku, walinzi wakiwa papo hapo, akayatwaa mayai na kuacha ya kuku yaliyopakwa rangi. Mwaka uliofuata walinzi waliongeza nguvu, makinda yakaruka, na maelfu ya watu wakaja kutazama.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mama Pweto bila kugeuka.

"Kwa hiyo mwizi hakutoka mbali."

Mama Pweto aliacha kupuliza.

Chisense alilichukua daftari, akapitisha kidole kwenye masalio ya ukurasa. Usiku wa juzi. Zamu yake mwenyewe! Mbalamwezi ilikuwa imeujaza mwambao, na kwenye mwanga kama ule hakuna mtu anayekwenda na taa kuvua chisense, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwaka. Ndiyo maana alikuwa nchi kavu, chini ya mkuyu, na ndiyo maana mtumbwi ule ulimshangaza.

"Niliandika," alisema polepole. "Mtumbwi mmoja, hauna taa, unatega kwenye matete upande wa kaskazini. Watu wawili. Niliandika hayo yote."

"Uliwatambua?"

"Hapana. Ila nyavu zao hazikuonekana hata kwenye mbalamwezi."

Mwalimu alimwelewa. Timba, nyavu za uzi mmoja unaong'aa kama maji yenyewe, zilizopigwa marufuku. Samaki hazioni. Ndege anayemfuata samaki aliyenaswa karibu na uso wa maji hazioni pia.

"Naenda," Chisense alisema.

"Twende wote," alisema Mama Pweto, akafunga chitenge chake vizuri.

(Msomaji aliyetufuata tangu sehemu ya kwanza atashtuka hapa. Mama huyu amenunua na kukausha samaki tangu alipovuka kutoka Kongo, anamiliki mtumbwi na ameajiri wavuvi, lakini hajawahi kukubali kupanda chombo chochote kidogo kuliko boti ya abiria.)

Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umeanza kuchafua ziwa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imemezwa na moshi wa nyika zilizochomwa. Chisense alipiga kasia bila kusema, na Mama Pweto, mikono yote miwili kwenye ukingo wa mtumbwi, alimwelekeza.

"Kushoto kidogo. Pita pale penye uwazi."

Alikuwa ameshapita uwazi huo ndipo alipojiuliza mama amepajuaje.

Bwana alikuwa kwenye fungu la matete yaliyolala, amejivuta huko na wavu mzima. Bawa moja lilikuwa limefungwa mara nyingi hata manyoya yamekatika, na uzi umezama kwenye ngozi ya mguu. Kichwa cheupe kimelowa tope. Jicho lilikuwa zima, na lilimtazama Chisense kwa ghadhabu. Kifuani, upande wa kulia, lilikuwepo doa jeusi walilolichora wenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Hakuna furukombe mwingine Puta mwenye doa lile.

Chisense alimfunika kichwa kwa shati lake, akachomoa kisu. Alipovuta kamba ya juu ili apate pa kukatia, boya likaibuka.

Kipande cha lapa la buluu. Matundu matatu, yaliyotobolewa kwa msumari wa moto.

Aliyafahamu matundu hayo. Aliyatoboa yeye, mwezi Mei, boya baada ya boya, kwa malipo ya vitumbua na chai, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya Mama Pweto.

Aligeuka. Mama alikuwa ameshamshika mkono wenye kisu.

"Usikate."

"Mama, ukurasa ule..."

"Nimeuchana mimi. Wavu nao ni wangu. Utanisema ufukweni, mwanangu, na Mwalimu atanisema. Sasa nyamaza, sikiliza!"

Kutoka mkuyuni, juu ya upepo, Bibi aliita kwa sauti yake nzito. Kisha, kabla hajamaliza, akapokelewa kama mke anavyopokelewa na mumewe: sauti nyembamba, ya dume, ikitoka kwenye tawi lilelile la tundu.

Chini ya shati, Bwana akaanza kupigana.

ITAENDELEA WIKI IJAYO